Shokapu Zilizopakwa Rangi

Juzi, kwenye duka moja la spea hapa Sumbawanga, niliuziwa shokapu za Haisi yangu kuukuu. Zilinuka rangi mbichi, nikajikuta nimekunja ngumi.

Za baba zilinuka hivyohivyo. Mchana mmoja, nikiwa mtoto, alimburuta muuzaji hadi barabarani, akampiga kwa shokapu aliyomuuzia mpaka meno yakadondoka vumbini. Mafuta meusi ya shokapu yalilirukia shati la baba pamoja na damu.

"Ulisema mpya, kumbe ni chakavu umeipaka rangi!"

"Nisamehe, kaka!"

Nilidhani ugomvi ni wa shati lile kuchafuka. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba asubuhi ile shokapu ilikatika, Haisi yetu ikapinduka kwenye mteremko wa Kasanga, mama akafia humohumo.

"Baba, muache," nililia. "Mama akirudi atalifua."

Shokapu ikamdondoka mkononi.