Ijumaa za Mwalimu Tewabech

Ukuta uliotenganisha darasa langu na la Tewabech ulikuwa wa mbao nyembamba. Kwa miaka yote tuliyofundisha chekechea pamoja pale Debre Tabor, nilisikia kila kilichotokea kwake: nyimbo, vilio vya asubuhi, kikohozi chake cha baridi, na benchi zikiburuzwa jioni alipokuwa akifagia.

Alikuwa mwanamke mrefu, amevuka hamsini, hakuwahi kuolewa, na miguu ilikuwa ikimvimba ikifika adhuhuri. Alikuwa na msimamo mmoja ambao hakuna aliyeweza kuubadilisha. Alisema mtoto wa miaka mitano haji shule peke yake; anakuja na nyumba yake nzima mgongoni, na usipoijua nyumba ile utakuwa unafundisha kivuli. Kwa hiyo kila Ijumaa alitaka mzazi mmoja aje darasani, akae na watoto, awaonyeshe kazi anayoifanya. Wazazi wengi hawakusoma, ndiyo maana hakuwaandikia. Alimfundisha mtoto sentensi, mtoto akaipeleka nyumbani mdomoni. "Mwalimu amesema uje na mikono yako," mtoto mmoja alimwambia baba yake, na yule baba akaja akicheka, akauliza kama angeruhusiwa kuiacha nyumbani wiki ijayo.

Mwezi wa Meskerem shule zinapofunguliwa, wazazi humiminika. Fundi cherehani alikuja akamshonea kila mtoto kitambaa cha pua. Askari wa barabarani akapuliza filimbi yake mle ndani, nusu ya darasa ikalia. Bibi mmoja akakaanga kahawa, watoto wakanusa moshi wake kama wazee. Lakini baridi ilipoingia, wazazi wakaanza kupungua, na Krismasi ilipopita hakuja mtu. Tewabech akawa anafunga darasa, anavaa gabi, shuka lake nene la pamba, anapanda na kushuka vilima akibisha hodi.

"Nakuja, Mwalimu, nakuja," wakamwambia, kwa sauti ile ya mtu anayefukuza kuku.

Siku moja nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakigusa kidevu, hajaweza kuinuka.

"Tewabech, waache," nikamwambia. "Wanatuletea watoto ili nao wapumue kidogo."

"Najua, Alem. Hata mimi nataka kupumua."

"Basi pumua."

"Nimebakiza nyumba moja."

Nyumba hiyo ilikuwa ya Amarech, kule chini mtoni wanakokaa wafinyanzi. Mji wetu hauwezi kuishi bila wafinyanzi, na hautaki kuishi nao. Wali na mchuzi wa mji mzima vinaweza kukosekana, lakini shiro, rojo letu la unga wa dengu, haikosekani, na shiro inatokota ndani ya chungu cha Amarech. Hata hivyo husemwa kwamba watu wa udongo wana jicho baya, kwamba wakimtazama mtoto anayekula anaugua, kwamba usiku wanageuka fisi. Binti yake, Fikirte, alikaa mwisho wa benchi. Watoto walipogawiana shayiri ya kukaanga, viganja vilimruka. Walikuwa na miaka mitano, na tayari walijua.

Tewabech alikwenda mara tatu. Mara mbili Amarech alimjibu bila kuacha kukanda udongo. Mara ya tatu akampikia kahawa, akaiweka mbele yake, akasubiri. Tewabech akanywa kikombe cha kwanza, cha pili na cha tatu.

"Mwalimu," Amarech akasema, "vyungu vyangu vinaingia mpaka jikoni kwao. Mimi siingii hata uani. Unanitakia nini?"

"Mtoto wako amewaona baba na mama za wenzake wakija. Ananiuliza zamu yake lini. Nimechoka kumdanganya."

Amarech akakusanya vikombe. Kisha akasema Ijumaa haiwezekani, Ijumaa ndiyo siku anayochoma vyungu kwa ajili ya soko la Jumamosi. Wakakubaliana Jumanne.

Sijui habari ilitoka vipi. Jumatatu asubuhi nilisikia kelele uani, nikachungulia. Wazazi walikuwa wamejaa kutoka mlangoni hadi bombani: fundi cherehani, askari, waliosema wako safarini, waliosema ni wagonjwa, hata baba mmoja ambaye mwaka mzima hatukuwahi kumwona uso. Tewabech akatoka na chaki mkononi, akawatazama mmoja mmoja.

"Karibuni," akasema. "Nimewaita tangu Krismasi."

"Usitufanyie mzaha, Mwalimu," akasema Mama Henok. Huyu alikuwa muuza nguo, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, na ndiye aliyetangulizwa mbele. "Ni kweli umemwita yule mama wa mtoni?"

"Nimemwita Mama Fikirte. Mnamjua. Mnanunua vyungu kwake."

"Chungu nanunua, naosha, napika. Huyo unataka akae na mwanangu, amtazame machoni! Henok akianguka kesho, utamzaa wewe mwingine?"

Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma akasema, "Atazaa wapi, hajawahi!" Baadhi wakacheka.  Nilimwona Tewabech akiivunjavunja ile chaki kwa vidole mpaka ikawa unga.

Mwalimu mkuu, Molla, alikuwa mtu mpole mwenye vidonda vya tumbo, na aliogopa zogo kuliko kitu chochote. Akawatuliza wazazi, kisha akamvuta Tewabech pembeni. "Dada yangu, ahirisha tu. Mpaka baada ya Pasaka. Watasahau."

Jioni ile nilimsindikiza mtoni kwenda kuahirisha.  Tulimkuta Fikirte mlangoni, amekwisha kuogeshwa, nywele zimesukwa upya, zinang'aa kwa siagi. Akatushika mikono, akatuingiza ndani kutuonyesha. Sakafuni, chini ya kitambaa kibichi, kulikuwa na matonge ya udongo yamepangwa safu safu, moja kwa kila mwenzake. Alikuwa amewapa majina. "Hili la Henok," akasema, "nimemwekea kubwa, yeye analialia."

Amarech alikuwa amesimama nyuma ya binti yake, akitusoma nyuso. "Mmekuja kuniambia nisije," akasema. Hakukasirika. Ilikuwa kama mtu anayesema mvua imeanza.

 Tewabech akamtazama mtoto, akatazama udongo.

"Nimekuja kuuliza kama utahitaji mtu wa kukusaidia kubeba," akasema.

Njiani nikamshika mkono. "Watakufukuza kazi!"

"Huenda," akasema. "Nitalala mpaka saa tatu asubuhi."

Jumanne watoto waliokuja hawakujaza benchi mbili. Nikawaacha wangu na msaidizi, nikaja kusimama naye. Tulipokuwa tukitandika magunia sakafuni, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mama Henok akaingia, amemshika mwanawe mkono, mfuko wa shati la mtoto umetuna kwa vitunguu saumu vya kuzuia jicho baya.

"Mume wangu amesema mtoto hakai nyumbani, na mimi dukani sina pa kumweka," akasema. "Sasa nitakaa hapa hapa nimlinde. Pumzi ikimbadilika tu, mtanitambua." Akavuta kiti mlangoni, akakikalia chote.

Amarech akaja. Alikuwa amejifunika shuka hadi kwenye paji la uso, na tangu alipovuka kizingiti macho yake hayakuondoka sakafuni. Mwanzoni nilidhani ni aibu. Baadaye ndipo nikaelewa: hakutaka mtu aweze kusema amemtazama mtoto wake. Akagawa matonge akiangalia mikono tu. Akaonyesha jinsi ya kulowesha, kuviringisha, kubonyeza kidole gumba katikati, na kila neno alilisema akiuambia udongo. Watoto hawakujali. Baada ya muda mfupi walikuwa wamepakaa hadi nyusini, na Fikirte alikuwa akipita kati yao kama msimamizi wa ujenzi: "Maji mengi hayo wewe! Litakufia!"

Henok alitengeneza punda. Punda akavunjika mguu, akamtengenezea mwingine, ukavunjika tena. Akainuka, akamwendea Amarech, akasimama mbele yake.

"Tazama punda wangu."

Amarech akanyoosha mkono, akampapasa yule punda. Macho chini.

"Hutazami! Tazama!" Akamgeukia mama yake. "Mama, hatazami!"

 Nilisikia matone ya maji yakianguka kutoka kwenye ndoo. Mama Henok alikuwa ameshika vishikio vya kiti kama anayetaka kuruka. Uso wake ulipitiwa na mambo mengi, sitajifanya niliyasoma yote. Mwishowe akasema, kwa ukali, kama anayegombana na mteja:

"Si umtazame mtoto, dada! Anakuita!"

Amarech akainua macho, akamtazama Henok, akamtazama punda. "Miguu umeifanya myembamba," akasema. "Punda wako ana mzigo mzito. Mpe miguu mifupi minene." Kisha akainamisha tena kichwa.

Ilivyoendelea baada ya hapo haikuwa sherehe. Alhamisi Henok akaanza kukohoa, nasi tukakaa kama watu wanaosubiri polisi. Mama yake akaja Ijumaa, akamvua mtoto koti, akasema, "Mafua. Kila mwaka ni mafua," akakaa kwenye kiti chake cha mlangoni. Mwalimu mkuu alimkemea Tewabech mbele yetu sote, akafuta Ijumaa zake mpaka Pasaka. Watoto wakarudi kidogo kidogo, kwa sababu wazazi hawakuwa na pengine pa kuwaacha. Wawili hawakurudi. Yule baba ambaye hatukuwahi kumwona, hatukumwona tena.

Tewabech alirudi mtoni kumwomba Amarech aje mara ya pili. "Nilikuja, Mwalimu," Amarech akamwambia. "Binti yangu ameniona nimekuja. Mara moja inatosha. Wewe hukuinamisha shingo asubuhi nzima." Tewabech alinisimulia maneno hayo akivua viatu.

Aliyeendelea kuja ni Mama Henok. Alisema analinda, ingawa hakukuwa na cha kulindwa. Alifuta kamasi, akafunga kamba za viatu, akawapigia kelele waliomwaga chai. Mara moja nilimsikia akimwambia Fikirte, "Sogea huku kuna jua, utaganda hapo." Kwa Amarech mwenyewe hakwenda. Siku ya kufunga mwaka, wazazi wote walipokuja na nguo nyeupe kupiga picha, alikaa benchi moja na Amarech, akaweka pochi yake katikati. Bakuli la bisi lilipomfikia, alichota, akalisukuma kupita juu ya pochi. Amarech naye akachota.

Meskerem iliyofuata Tewabech alikuwa tena mlangoni, amepungua mwili, akiwafundisha watoto wapya sentensi yao, sauti imekauka kabla wiki haijaisha. Nilimuuliza kama hakufikiria kupumzika. Akasema alifikiria msimu mzima wa mvua, kila siku.

Henok na Fikirte wako darasa la kwanza sasa, ng'ambo ya barabara. Saa ya kutoka hutembea pamoja wakigombana mpaka kwenye daraja la kwenda kwa wafinyanzi, na hapo Mama Henok humwita mwanawe arudi.