Bi Hallo na Laini Iliyonyamaza

Bi Hallo hakuzaliwa na jina hilo, ila aliyembandika alijua anachofanya. Miaka ishirini na mitatu alikuwa opereta wa simu, mbele ya ubao wenye matundu mia mbili na plagi za shaba, enzi zile ambazo ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine ulipitia kwanza kwa mwanamke mwenye hedifoni kichwani. Walikuwa kumi na wawili, wamepangwa kwenye viti virefu, na chumba kizima kilinuka poda na waya zilizopata moto. Walicheka mpaka msimamizi akagonga meza. Bi Hallo aliukumbuka ubao ule kuliko alivyoikumbuka nyumba aliyozaliwa.

Ubao ukaja ukang'olewa, waya zikauzwa kwa kilo, wenzake wakaenda kulea wajukuu. Yeye, kwa kichwa chake kigumu, akaingia darasani na watoto wa rika la wanawe akajifunza kompyuta. Sasa, akiwa na miaka hamsini na minane, alikuwa mtunza seva kwenye kampuni ndogo inayorusha video mubashara: harusi, mahafali, mikutano, mechi za shule.

Ukimwuliza, angekwambia kazi haijabadilika. Huku kuna anayerusha, kule kuna anayetazama, katikati yuko yeye. Vijana wa ofisini walisema "miunganisho"; yeye alisema "laini", na hakuna aliyethubutu kumrekebisha. Kila asubuhi alifungua orodha kwenye skrini, zinazofanya kazi kwa rangi ya kijani, zilizolala kwa kijivu. Laini iliyolala ni ya mtu aliyefungua video akaenda zake bila kuifunga, na seva ikabaki imemwekea nafasi. Zikiwa nyingi, wanaotazama kweli huanza kulalamika kwamba picha inakwama. Kwa hiyo lazima zikatwe.

Shida ni kwamba Bi Hallo hakukata kimya kimya. Kila mtazamaji hujiandikisha kwa namba yake ya simu, basi yeye alimpigia kwanza, akauliza kwa sauti ile ile ya ubaoni: "Hallo, mmemaliza?" Wengi walicheka. Bwana mmoja alimjibu kwamba ameshamaliza tangu mwaka juzi, na hata ndoa yenyewe imeshavunjika.

Meneja wake, kijana mpole wa umri wa kitinda mimba wake, alivumilia mpaka akachoka. Jumatano moja alimwita.

"Mama, kuanzia Ijumaa saa kumi jioni mashine itakata yenyewe. Laini yoyote iliyokaa siku thelathini bila kupokea kitu, inaondoka."

"Na kama hawajamaliza?"

"Siku thelathini, mama! Mtu gani hajamaliza siku thelathini?"

Bi Hallo alimjua mmoja. Mwaka wake wa pili ubaoni, aliwahi kumwunganisha mwanamke mmoja na mwanawe aliyekuwa kazini mbali. Taa ya laini ilikuwa inawaka, lakini alipotega sikio hakusikia kitu. Akahesabu mpaka ishirini. Kimya. Watu wengine walikuwa wanasubiri, akaona hawa wamesahau tu kuweka simu chini, akachomoa plagi. Punde taa ikawaka tena, na yule mwanamke akasema, wala hakuwa na hasira: "Dada, ndiyo kwanza nilikuwa nimemwambia kwamba baba yake amefariki. Hatukuwa na la kusema, lakini tulikuwa wote." Bi Hallo alihangaika kuirudisha laini ile, na haikupatikana kwa siku mbili. Hapo ndipo alipokula kiapo kwamba hachomoi waya bila kuuliza. Kisa chenyewe hakumsimulia mtu, hata mumewe.

Kwenye orodha kulikuwa na laini za kijivu sitini na moja zilizopitisha siku thelathini. Akazipigia moja moja, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, chai yake ikipoa mezani. Ilipofika saa tisa alasiri ya Ijumaa ilibaki moja. Ilikuwa ya mahafali ya darasa la watu wazima, na ilikuwa wazi tangu siku arobaini na moja zilizopita. Mtazamaji mmoja. Alipiga mara mbili, haikupokelewa. Mara ya tatu mzee mmoja akaitika.

"Hallo, mzee. Napiga kutoka kampuni ya video. Kuna laini yako iko wazi tangu mahafali. Mmemaliza?"

Kimya. Bi Hallo akahesabu, akapita ishirini, akaendelea kusubiri.

"Usiikate," mzee akasema. "Nakuomba, mdogo wangu, usiikate."

Akamweleza. Alikuwa seremala mstaafu, mguu mbovu, hatoki nje. Mkewe ndiye aliyekuwa anahitimu, miaka sitini na saba, ndiyo kwanza amejua kusoma. Yeye alimtazama kwenye tableti aliyoachiwa na binti yao. Mkewe alipoinua cheti akacheka, pengo lote nje, mzee alimwonyesha jirani aliyekaa naye kwa kidole, "Ndiye huyo!", kidole kikagonga kioo na picha ikasimama.

"Aliporudi akanicheka mpaka machozi. Akasema, umenifungia humo ndani, basi acha nikae. Tukaiweka rafuni na waya wake wa chaji. Siku ya kumi na tisa, tukiwa tunakunywa chai, moyo wake ukasimama. Tableti iko hapa mbele yangu. Sijaigusa."

Bi Hallo akatafuta kumbukumbu ya mahafali yale kwenye seva. Ilikuwa imefutwa baada ya wiki moja, maana hakuna aliyeomba ihifadhiwe. Laini ikikatwa, kioo kitakuwa cheusi. Akaanza kumwelekeza namna ya kuihifadhi picha ile ndani ya tableti kwa kubonyeza vitufe viwili.

"Mimi? Vidole hivi ndivyo vilivyoisimamisha! Binti yangu anakuja kesho, atafanya yeye."

Bi Hallo akapiga moyo konde, akaenda kwa meneja. Alianza kuomba siku moja tu, akajikuta anasimulia habari ya yule mwanamke na mwanawe, mbele ya kijana wa kumzaa. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho. Alivuta kibodi, akaandika namba ya laini ile kwenye orodha ya zisizoguswa. Saa kumi ilipotimu, laini sitini zikatoweka kwa mpigo, na moja ikabaki.

Jumamosi haikuwa zamu yake, lakini asubuhi alikuwa kitini. Simu ililia baada ya adhuhuri.

"Binti yangu amefika," mzee akasema. "Ameihifadhi picha ya mama yake, amenionyesha. Anacheka vile vile. Mdogo wangu?"

"Naam, mzee."

"Tumemaliza."

Maisha yake yote ya kazi Bi Hallo ndiye aliyekuwa anauliza. Hajawahi mtu kumpigia kumwambia. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

"Asante, mzee. Sasa naikata."

Akasubiri mpaka mzee alipoweka simu chini kwanza, ndipo akaikata.