Lukumani, Mnong'oneza Majina

Katika Kabondo, mtaa wa Kisangani, mtu akitaka kuoza binti, kubatiza mtoto au kumaliza matanga, alikwenda kwa padri, halafu alikwenda kwa Lukumani. Kwa padri alitafuta baraka, kwa Lukumani alitafuta orkestra. Na tuseme ukweli mbele ya Mungu: wengi walianza kwa Lukumani.

Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa barazani, na mtu alipokuja kupimwa suruali, alipimwa na karamu yake pamoja. Lukumani hakuuliza mtu kama anapenda rumba au cha-cha-cha. Aliuliza neno moja tu, pini zikiwa bado mdomoni: "Wageni wako wanapenda kucheza, ao wanapenda kutajwa?"

Wote walijibu kwamba wageni wao wanapenda kucheza. Naye alijua wote wanadanganya.

Maana desturi ya karamu ilikuwa hivi. Wimbo ukifika katikati, gita likianza kuzunguka palepale kama mbuzi aliyefungwa kamba, mwimbaji anataja watu. Aliyetajwa anashtuka, kana kwamba hakutegemea kabisa, anafunga kifungo cha koti na kupita mbele polepole ili hata wapishi wamwone. Asiyetajwa anakwenda nyumbani kabla ya chakula, na kesho yake anaeleza sokoni kwamba wali ulikuwa mbichi. Ameujuaje ubichi wake? Usimwulize.

Sasa mwimbaji hawezi kujua wageni wote. Kwa hiyo Lukumani alisimama nyuma ya Nassoro, mwimbaji wa Orkestra Jua la Tshopo, kama baba wa ubatizo nyuma ya mtoto, akimnong'oneza majina sikioni. Mjomba wa bibi-arusi kabla ya tajiri. Tajiri kabla ya mwalimu. Mwalimu kabla ya jirani aliyeazimisha viti, lakini asicheleweshwe sana, asije akavichukua viti vyake.

Uhuru ulipofika, majina yaliongezeka. Aliyekuwa akifagia ofisi aliamka mkurugenzi, na mkurugenzi hatajwi kama mfagiaji. Halafu wakubwa wakaanza kubadilika upesi kuliko nyimbo. Mkubwa mmoja aliimbiwa kwamba yeye ni mwezi wa Kisangani. Akafukuzwa, na yule aliyemfukuza akaimbiwa wimbo uleule, akawa mwezi yeye, na Nassoro akatoa machozi yaleyale.

"Wimbo ni koti," Lukumani alimwambia mke wake, Mama Angélique. "Mwenyewe akibadilika, unapunguza kiunoni tu, basi."

"Na siku moja utashona la kukunyonga," Mama Angélique alijibu, akachukua rozari yake.

Kitu kimoja Lukumani hakukubali kwenye karamu: lokole. Ni gogo lililochimbwa ndani, lenye sauti mbili, ya kiume na ya kike, na watu wa mto wanalitumia kuzungumza kutoka kijiji hadi kijiji. Mzee Timothée, Mlokele, mtu wa mto wa upande wa Yangambi, alikuwa akilipiga kanisani kuwaita watu kwenye misa. Kila mara alijitolea kupiga kwenye arusi pia, na kila mara Lukumani alicheka.

"Mzee, uhuru umefika, tuko na magita ya umeme, na wewe unaniletea kipande ya muti?"

"Hii muti ilisema kabla ya gita yako kuzaliwa," Timothée alijibu, naye hakukasirika. Aliyezoea kuwaita wenye dhambi kwenye misa hakasiriki upesi.

Halafu ukaja mwaka wa Simba.

Waasi hao waliojiita Simba waliingia mjini na majani vichwani na dawa ya risasi mwilini, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwatafuta watu wa serikali iliyopita. Hapo ikaonekana ajabu. Walewale waliokuwa wakimvuta Lukumani shati ili watajwe, sasa walikuja kwa mlango wa nyuma. "Papa Lukumani, tafadhali, unisahau." "Mimi hata sikukuwa mukubwa, ni watu tu walipenda kunisifu." Unyenyekevu ambao padri aliuhubiri miaka yote, Simba waliuleta kwa juma moja.

Mtu mmoja tu hakuupata: Papa Cyprien.

Cyprien alikuwa karani mkubwa katika ofisi ya jimbo, mwenye kalamu tatu mfukoni hata akienda kuoga. Simba walipofika alivuka mto kwa pirogi, yaani mtumbwi, akajificha ng'ambo, Lubunga, kwa ndugu zake wavuvi. Lakini mtoto wake wa kiume alikuwa ameposa Colette, binti wa Lukumani, na matangazo ya ndoa yalikuwa yamekwisha kusomwa kanisani. Lukumani angependa kungoja mpaka mambo yatulie. Aliyekataa kungoja ni Meja.

Meja huyo wa Simba alikaa katika nyumba ya jirani, iliyoachwa na wenyewe. Alisikia habari ya arusi, akasimama mbele ya cherehani.

"Papa, arusi itafanyika Jumamosi. Batu waone kwamba amani iko."

"Lakini Meja, bado tunapanga..."

"Amani haingojake! Nitakuwa mugeni wa heshima. Orkestra ipige, na jina yangu itajwe ya kwanza. Baba ya bwana-arusi ni nani?"

Lukumani alimeza mate, nusura ameze na pini. "Ni muvuvi, Meja. Muvuvi wa Lubunga." Mungu amsamehe. Baadaye aliungama.

"Muzuri. Kuna karani mumoja tunatafuta, Cyprien. Ukisikia jina yake, unaniambia."

Jioni ileile ukaja ujumbe kutoka Lubunga. Papa Cyprien alisema: atakuja kwenye arusi, maana yeye ndiye baba. Atavaa kivuvi, maana hana namna. Lakini jina lake litajwe, jina lake la kweli, mbele ya watu. La sivyo, mtoto wake hataoa kama yatima, na posa imekufa.

"Huyu mutu iko na wazimu?" Lukumani alipiga makofi. "Akitajwa anauawa!"

"Asipotajwa Colette anabaki kwetu," alisema Mama Angélique, "na viazi vya mahari tulisha kula."

Colette alikuwa mlangoni. Alimtazama baba yake tu, macho yamejaa maji, na Lukumani akajiona mdogo kuliko kitambaa kilichobaki baada ya kukata kaptula. Yeye, aliyetafutia jina la kila mpita njia nafasi katika wimbo, angemkosesha binti yake mume kwa sababu ya jina moja?

Usiku hakulala. Alfajiri lokole ya misa ikalia, sauti ya kiume, sauti ya kike, na Lukumani akakaa kitandani wima.

Alimkuta Timothée kwenye ukuta wa kanisa.

"Mzee, watu wa mto mnaitana kwa jina gani kwenye lokole?"

"Kila mutu iko na jina yake ya ngoma. Ni kama musemo murefu, na jina ya baba, na ya kwa mama yake."

"Na Papa Cyprien, iko na yake?"

"Mutoto ya mutu aliyepanda maji makali na kafi moja," Timothée alijibu palepale. "Mama yake wa kijiji cha mitego. Alipewa akiwa mudogo."

"Meja anatoka mbali na mto. Ataelewa?"

Timothée alitazama gogo lake, halafu akamtazama Lukumani, bila haraka. "Atasikia tu kipande ya muti."

Siku ya arusi, baada ya misa, watu walijaa uani kwa Lukumani, jua likiwa bado juu. Kulikuwa na samaki wa liboke, waliofungwa majanini, na pondu ya majani ya muhogo, na Meja alikuwa katika kiti cha mbele kabisa. Dawa yake ilikuwa na masharti: asiguswe na mtu, na asigeuze kichwa kutazama nyuma, la sivyo risasi zitamwona. Kwa hiyo wageni walimwamkia kwa mbali, kama watu wanaosalimia jiko la moto. Na mara moja nyuma ya kiti chake, mahali pa usalama kuliko pote katika Kisangani, Lukumani alimweka mvuvi mmoja mwenye kofia ya majani na mikono laini kama ya mtoto mchanga.

Nassoro alianza. Alimtaja Meja, akawa mwezi wa Kisangani. Akataja wajomba, akataja mwalimu, akataja viti. Mvuvi nyuma ya Meja akaanza kuhema.

"Lukumani," akanong'ona, "na mimi?"

"Papa, subiri."

"Mutu wa viti ametajwa mbele yangu!"

"Nani anasema pale nyuma?" aliuliza Meja, shingo imekakamaa.

"Mulevi tu, Meja! Muvuvi!"

"Mulevi? Mimi?" alisema mvuvi, akataka kusimama. Mama Angélique akamkalisha kwa sahani ya pondu.

Lukumani akatoa ishara. Magita yakanyamaza, na Timothée akapiga lokole. Mutoto ya mutu aliyepanda maji makali na kafi moja. Wazee wa mto waliokuwa uani walitazamana, wakatabasamu ndani ya vikombe vyao. Mkono wa Cyprien ukaenda kifuani kutafuta kifungo cha koti, koti halikuwapo, akafunga kifungo cha hewa. Akakaa wima kama siku za ofisi. Posa ilikuwa imepona.

Ingeishia hapo, kila mtu angekula kwa amani. Lakini Meja alipendezwa.

"Hii ngoma ni nzuri! Tena!"

Timothée akapiga tena.

"Tena!" Meja alikuwa akitikisa bega, akicheza jina la mtu anayemwinda. "Usiongeze kitu, piga ileile! Tena!"

Timothée alimtazama Lukumani kwa wasiwasi, lakini nani atamkatalia Meja? Sasa ujue jambo moja ambalo fundi wa kushona hakulijua. Lokole ikiita jina la mtu na kuongeza habari, mtu huyo anaitwa. Ikiita jina tupu, tena na tena, bila kuongeza kitu, maana yake amekufa. Na sauti ya lokole haina haja ya pirogi, inavuka mto peke yake.

Chakula kilikuwa bado kinagawiwa waliposikia kilio njiani. Wanawake wa Lubunga waliingia uani, majani kiunoni, mikono kichwani.

"Cyprien eee! Cyprien wetu, karani wetu, umetuacha!"

Orkestra ilinyamaza. Lukumani akamvutia Cyprien kofia mpaka puani. "Lia, Papa. Lia na wewe."

"Cyprien nani?" Meja alinguruma.

"Karani wa jimbo, baba! Lokole imemulilia, tumesikia wote! Yoo, Cyprien, uliyekula samaki yetu bila kuuliza bei! Uliyesema utatulipa uhuru ukiisha kukomaa!"

"Uongo, nili—" alianza mvuvi, na Lukumani akamkanyaga mguu.

Kila mtu aliona wazo likipanda polepole usoni mwa Meja. Karani mkubwa amekufa, na hakuna anayejua ni nani amemwua. Sifa hiyo ilikuwa imelala njiani bila mwenyewe.

Akasimama. "Ni sisi!" alisema. "Ni mimi! Nilimumaliza mwenyewe, na wakubwa wangu watajua leo. Wewe mwimbaji, imba! Sema Cyprien amekwisha, na ni Meja alimumaliza. Sema kwa nguvu!"

Na Nassoro, kwa amri ya Meja, mbele ya umati wote, akaimba jina la Cyprien kwa sauti ambayo ilisikika mpaka sokoni. Alitoa machozi yaleyale. Mvuvi mwenye kofia alilia kuliko wanawake wote, na Meja akamwonyesha kidole bila kugeuka: "Mumuache alie. Alikuwa ndugu yake."

Toka siku ile hakuna Simba aliyemtafuta Cyprien tena. Marehemu ana amani kuliko wote.

Jua likishuka, Lukumani alimsindikiza mpaka mtoni. Moyoni alikuwa akimshukuru Mungu kwa namna Yake ya kuandika sawa katika mstari uliopinda. Cyprien alipanda pirogi, akakaa. Mpiga kafi alipoisukuma, akageuka.

"Lukumani. Arusi ilikuwa nzuri, sikatai."

"Asante, Papa."

"Lakini Nassoro alinitaja mara moja tu. Na Meja, yeye alitajwa mara tatu."

Lukumani aliinama akaisukuma pirogi mwenyewe, ili iondoke upesi.

"Papa," alisema, "marehemu hahesabu."