Kiti cha Élie

Maman Gisèle ana miguu ya kupanda milima na moyo wa kukasirika upesi, na mji wa Bukavu unavitumia vyote viwili bila huruma. Asubuhi anatoka kwake na mfuko begani: mpira, njuga, taulo, kipande cha godoro. Kazi yake ni kuwatembelea watoto wadogo waliochelewa, wale ambao wenzao wanakimbia na wao bado hawajakaa, na kuwaonyesha wazazi namna ya kuwakalisha, kuwageuza na kuwalisha. Mitaani wanamwita Maman Kine, kwa neno la Kifaransa la mtu wa mazoezi ya viungo. Wakimwona anashuka mteremko huku anasema peke yake, wanamwita na majina mengine, lakini si mbele yake.

Anasema peke yake kwa kuwa ana mengi ya kusema. Watu gani hawa, unawaambia "mulete mutoto angali mudogo," wanakuletea mtoto ameshaota meno ya pili? Kwanza wanamwombea, sawa, maombi hayana ubaya. Kisha wanampaka majani. Kisha anatokea shangazi kutoka sijui wapi, anasema hata baba yake alichelewa kutembea, mungojee tu. Mungojee! Neno hilo Gisèle hawezi kulisikia. Udongo uwahi ungali maji, walisema wazee wa zamani; wa siku hizi, loo, wao ndio wanaokaa kuutazama ukikauka. Nyumbani kwao walimngojea Dany, mdogo wake. Mama yao alimbeba mgongoni mpaka mgongo ukakataa, akamlaza mkekani, na mkekani Dany akabaki mpaka mwisho wake. Hakuna aliyemchukia. Walimpenda sana, ndiyo maana hakuna aliyemweka chini mapema akajifunza kukaa.

Basi ujue alikuwa na hasira ya namna gani siku alipopewa kumtembelea mtoto wa Guylain na Tatiana, kule Nguba, katika nyumba ya mbao iliyo chini ya barabara, upande wa ziwa.

Élie alizaliwa hakulia. Alipofika miaka miwili shingo ilikuwa bado inayumba, mgongo umelegea kama nguo iliyolowa, lakini macho, ee Mungu, macho hayo hayakukosa kitu. Gisèle alimfanyia mazoezi kwenye godoro, Tatiana akajifunza, shingo ikaanza kutii. Kilichobaki ni kukaa. Na kukaa kulikuwa na haraka, maana Tatiana alikuwa na mimba kubwa, na Guylain alikuwa amekata shauri: mtoto mchanga akizaliwa na Élie bado ni wa kubebwa, Koko Micheline, mama yake Tatiana aliyekuwa amekuja kusaidia, atamchukua kwake kijijini, Walungu. "Bibi yangu hawezi kubeba wawili," alisema akimwonyesha mkewe, na hakuwa mtu mbaya. Lakini huko kwa koko hakuna wa kumfanyisha mazoezi, kuna mgongo wa koko tu, na mgongo huo ulishazeeka. Gisèle aliiona njia hiyo yote mpaka mwisho, na mwishoni kulikuwa na mkeka.

Akakimbia kwa Télesphore, seremala. Akamweleza kiti anachotaka: mgongo wa kuegemea, mkanda wa kifuani, kijiti cha kutenganisha miguu, kimeza mbele ili mikono ipate pa kushika. Télesphore akakipiga msasa, akakipaka vanishi, kikang'aa hadi unajiona uso. Afadhali angekiacha na vibanzi vyake.

Gisèle akakipeleka Nguba, akakikabidhi. Wiki iliyofuata anafika, anapiga hodi, anaingia saloni. Kiti kiko hapo, katikati ya makochi, kimevikwa kitambaa cheupe cha kufuma sawa na makochi yenyewe. Juu ya kimeza, chombo cha maua ya plastiki. Élie yuko uani, mgongoni kwa koko, amefungwa kitenge, uso umelala kwenye bega la bibi yake.

"Koko, iyi kiti inafanya nini mu saloni?"

"Inakaa," akajibu Koko Micheline.

"Na Élie?"

"Élie anakaa pa mugongo yangu. Hana shida."

Gisèle akaeleza tena, polepole, kama mtu anayechambua mchele: kiti si cha kutazama, ni cha kukalia, kila siku, wakati wa kula, wakati wa kucheza. "Ndiyo, maman," wakasema wote. Jamani, ile "ndiyo, maman" ya Bukavu! Ina adabu kama kanisa na haina kazi yoyote. Akarudi wiki nyingine: maua yako palepale, yamefutwa vumbi.

Safari iliyofuata walimpokea kwa furaha. Élie amekaa kwenye kiti! Lini? Dimanshi, baada ya misa. Walimvalisha shati nyeupe, wageni wakaitwa, wakapiga picha kwa simu. Tatiana akamwonyesha picha, na kweli, mtoto amekaa, kichwa juu, ametoa macho kama mheshimiwa.

"Alikaa muda gani?" Gisèle akauliza.

"Mpaka picha ikaisha," akasema Guylain. "Kisha mate ikaanza kushuka pa kimeza, tukamutosha mu kiti. Tunaitunza, maman. Hapa kwetu hatuharibu kitu ya watu."

Siku hiyo Gisèle alipanda mteremko bila kusema hata peke yake. Watu walioizoea sauti yake wakageuka kumtazama.

Ilikuwa Alhamisi aliporudi, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa mzigo mlangoni, umefungwa kwa kitenge, fundo limekazwa. Siku za kujifungua zimekaribia, Koko anasafiri Jumamosi, Tatiana akamwambia, sauti iko chini. Na Élie pia.

Hapo kifuniko kikaruka.

"Juu ya nini munanichosha hivi?" akapiga kelele. "Kiti iko! Mutoto iko! Kitu gani inawashinda? Munachunga mbao, mutoto munamupeleka Walungu kulala pa mukeka! Sikio la kufa halisikii dawa, na ninyi muko na masikio sita mu nyumba moja!"

Koko Micheline hakurudi nyuma. Alikuwa mwanamke mfupi, na mtoto mgongoni alimwongezea uzito wa maneno.

"Usinipigie makelele, weye. Siku ulileta iyi kiti ulisema nini? 'Muichunge muzuri.' Ulisema, ama hukusema? Tuliichunga. Na tena, mutoto mugonjwa anawekwa kando, pa mbao, koko yake anamuangalia tu? Majirani watasema tulimutupa. Mugongo yangu ingali inaweza."

Gisèle akakumbuka. Alisema. Kweli alisema, kwa mdomo wake, vile mtu anavyosema akikabidhi kitu kizuri. Aibu ikamshika, na aibu ikimshika Gisèle inatoka tena ikiwa hasira.

Akaingia saloni. Akaondoa maua, akavuta kitambaa, akakinyanyua kiti mpaka uani, akakiweka karibu na mbabula, jiko la makaa, ambapo sufuria ya bugali ilikuwa imeepuliwa na sahani ya sombe, majani ya muhogo, imeshapoa. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Iyi mugeni imelala hapa ya kutosha." Akachota sombe kwa mkono, akaipaka juu ya kimeza, juu ya vanishi yote ya Télesphore, mpaka kwenye pembe.

"Yesu wangu!" koko akalia.

"Sasa imechafuka. Hakuna tena kitu ya kuchunga. Mulete Élie."

Hakuna aliyesogea. Kisha Tatiana, ambaye miezi yote hiyo alikuwa akisema "ndiyo, maman" tu, alifika nyuma ya mama yake na tumbo lake kubwa, akafungua kitenge, akamtoa mtoto, akamkalisha, akafunga mkanda wa kifuani.

Élie aliegama upande. Kichwa kikaanguka, kikapanda, kikaanguka, kikapanda tena kikabaki. Mkono ukatafuta, ukaikuta sombe. Akaipiga. Ikaruka hadi kwenye pua ya Gisèle. Mkono ukaenda mdomoni, ukakosea, ukaenda shavuni, ukarudi, ukafika. Akanyonya vidole. Halafu akacheka, cheko kubwa la tumbo, meno yote ya kijani.

Koko Micheline alikuwa amesimama mbele yake, mikono haijui pa kwenda.

"Anacheka hivi?" akauliza. "Tatiana, siku zote anachekaka hivi?"

"Anachekaka, maman. Weye huoni. Kila siku iko nyuma yako."

Mama mzee akachuchumaa, polepole, akishika kiuno, mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto. Akatazama. Machozi yakamtoka bila kuyafuta, huku akigomba kwa sauti ya kukwaruza: mutoto gani huyu, anakula bila kusali, anatupa chakula kama mtu tajiri. Kisha akanyanyuka, akaenda mlangoni, akafungua fundo la mzigo wake, akatoa kitenge chake kizuri cha misa, akamfunga Élie shingoni kukinga sombe.

Guylain alirudi jua likiwa bado juu ya ziwa. Akakuta saloni ina pengo, uani kuna kelele, na kiti chake cha wageni kimejaa kijani.

"Nani alichafua kiti?"

Gisèle akapumua, tayari kukiri. Koko akamtangulia.

"Élie. Alikula mwenyewe."

Guylain akamtazama mtoto, akautazama mzigo uliofunguliwa, akamtazama mama mkwe wake. Akachukua kitambaa cha kufutia, akainama juu ya kimeza.

Koko Micheline akampiga mkono.

"Acha," akasema. "Angali anakula."