Tupa ya Félicien

Félicien, sonara wa Kasenga hapa Uvira, aliikwangua kwa tupa rupia ya marehemu baba yetu, kisha akawaambia kaka zangu kwamba niliileta kwake ikiwa imekwanguliwa tayari. Kwa maneno hayo nilinyang'anywa shamba la mpunga ambalo baba alinipa Luberizi. Watu wa Uvira wanamsifu sana Félicien. Na mimi nieleze ninavyomjua.

Alizaliwa Luvungi, kwa watu wa kulima. Kazi alifundishwa na mjomba wake, aliyekuwa akiyeyusha sarafu za zamani kutengeneza pete za ndoa. Vita vilipofika, harusi zikapungua, na watu wakaanza kumrudishia pete zilezile alizowauzia, azinunue. Alikaa mlangoni na mizani yake, shati limepigwa pasi hata siku za risasi, akimwambia kila mtu pole. Mimi ile pole sikuipenda. Ilikuwa laini mno.

Rupia yetu ilikuwa ya enzi za Wadachi, yenye sura ya mfalme wao aliyevaa kofia yenye ndege juu. Babu aliipata ng'ambo ya Ruzizi. Baba aliifunga kwenye kitambaa, na hakuna aliyeruhusiwa kuisugua. Alipofariki, kaka yangu mkubwa, Bonaventure, alisikia kwamba Bujumbura yuko mzungu anayekusanya sarafu kama hizo, lakini anataka kwanza mtu anayezijua aseme kama ni ya kweli. Mimi nilikuwa nimekimbilia Kasenga na binti yangu Olive, karibu na mpaka, basi kazi ikawa yangu.

"Dada, pesa yetu ni kidogo," Bonaventure aliniambia. "Tafuta mtu wa bei ndogo. Na usimwachie hata dakika moja."

Nilianza kwa mfanyabiashara mmoja wa Bujumbura. Huyo alitaka alipwe kwanza, rupia ibaki kwake, aitume Ulaya, irudi imefungwa ndani ya kiboksi na karatasi ya kueleza hali yake. Akanipa kalamu nitie sahihi. Mimi sisomi. Nikaona kiganja chake kimeshaifunika rupia; nikaichukua, nikatoka. Kisha nikaenda kwa mwalimu Luc, mzee wa parokia, aliyekuwa na kitabu cha picha za sarafu. Akasema ataitazama bure. Wakati wa vita, mtu anifanyie kazi bure? Sikurudi kwake.

Félicien alidai kidogo, na hofu yangu aliijua kabla sijaisema.

"Mama Olive, minye sina karatasi wala safari ya Ulaya. Kaa hapa kwenye kiti. Haitaondoka mbele ya macho yako."

"Na mikono yako je, fundi?"

"Hesabu vidole kabla na baada," akasema, akacheka.

Nikakaa. Sikupepesa macho, maana nilidhani mwizi lazima afiche kitu. Akaidondosha mezani, akasikiliza mlio wake. Kisha akashika tupa, akaikwangua ukingoni, akatia tone la dawa juu ya mkwaruzo.

"Fedha safi," akasema.

Nikamlipa, nikaondoka nimefurahi.

Yule mzungu aliigeuza rupia, akapitisha kidole ukingoni, akanirudishia. Mpishi wake akanitafsiria: "Anasema ni ya kweli, mama. Lakini wameiharibu. Haitaki tena."

Nilirudi Kasenga mbio. Félicien hakushangaa. "Pole, mama. Basi nitainunua kwa uzito," akasema, na mizani ilikuwa mezani tayari. Labda sonara hajui kupima kitu bila tupa. Labda alijua vizuri sana. Mpaka leo naiwaza ile mizani.

Sikumuuzia. Kaka zangu wakashuka kutoka Luberizi. Sévère, mdogo wao, aliuona ukingo.

"Dada, panya wa Kasenga wanakula fedha siku hizi?"

Nikawapeleka kwa Félicien wasikie wenyewe. Shati lilikuwa limepigwa pasi.

"Poleni, bapapa," akawaambia. "Aliileta hivyohivyo. Minye nilipima tu."

"Weye Félicien, si nilikuwa nimekaa kwenye kiti hiki?"

Aliwaangalia wao, akatikisa kichwa kwa huruma, kama vile wamefiwa. Bonaventure akanishika mkono tukatoka. Walisema nimekwangua fedha nikauze unga wake. Shamba langu likapewa Bernardine, mke wa Sévère. Bonaventure, aliyeniagiza nitafute wa bei ndogo, hajawahi kukumbuka agizo lake.

Félicien amezeeka sasa. Kanisani anakaa benchi la mbele. Namsalimia, ananijibu pole, hata siku ambayo sina msiba. Pikipiki za Luberizi ziko kila asubuhi. Apande moja, asimame uani kwa baba yangu mbele ya Bonaventure na Sévère, aseme: niliikwangua mimi, dada yenu akiangalia. Neno hilo namdai, na roho yangu inalingoja kwake tu. Na siku atakayolisema, Bonaventure atakuwa na deni la shamba langu, pamoja na mpunga utakaokuwa umesimama humo.