Siku Nilipomtambua Mswahili kwa Macho

Aibu hii nimeikalia miezi mitatu, na leo naitoa mwenyewe kwa kinywa changu, maana naisikia yazunguka mtaani kwetu Kibokoni imeongezwa chumvi nisiyoitia mimi. Sasa nacheka, lakini siku yenyewe nilitamani ardhi ipasuke nizame na mkoba wangu.

Mwanijua, mimi nauza mahamri asubuhi pale barazani kwetu, ila mahamri ni kisingizio tu, kazi yangu hasa ni kujua watu. Huyu mtoto wa nani, mamake katoka mtaa gani, nyanyake aliolewa na nani akaachwa akaolewa tena, yote ninayo kichwani. Mtu akitaka kuposa huja kwangu kwanza (hununua mahamri mawili isionekane amekuja kuchunguza), na hata wazee wa mji, wale wanaowaandikia vijana barua kwamba ni Waswahili wa hapa ili wapate vitambulisho, wakikwama kwenye jina humtuma mtu kwangu, nami hujibu wetu au si wetu huku nageuza mahamri karaini. Najivuna, sikatai.

Basi ikaja kamati kutoka Nairobi, wanasheria watupu, kukusanya maoni kwenye ukumbi mmoja Tononoka, wataka kujua kama sheria ituandike Waswahili kuwa ni watu kamili, wenye jina lao, au tubaki kwenye fomu tukiitwa "wengineo". Yaani sisi, tulioipa nchi nzima lugha ya kusemea, ni wengineo! Wanawake wa mtaa wakanichagua niwasemee, na mpwa wangu Nasra, aliyesoma, akaniandikia karatasi mbili safi za kusoma.

Kosa langu lilianzia hapo. Jina langu lilipoitwa, nikaziacha zile karatasi mkobani. Nikajiambia, Rukiya wewe, usomeshwe na karatasi habari za watu unaowajua?

Na nilisema, wallahi nilisema. Nikawaambia sisi si takataka zilizosukumwa na maji zikakwama hapa, tuna mitaa yetu na makaburi ya wazee wetu, tuna arusi zenye mpango wake, na tuna namna yetu ya kukaa na mtu mpaka akaridhika. Vigelegele vikapigwa. Ningeketi hapo, leo ningekuwa naheshimika.

Lakini mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mpole mwenye miwani, akaniambia kwa upole kwamba sheria inahitaji mpaka, sasa huyo Mswahili watamjuaje? (Jibu lilikuwa kwenye karatasi ya pili, Nasra aliniambia baadaye huku machozi ya hasira yamlenga.) Mimi nikamjibu kwamba namjua kwa macho tu. Akatabasamu, akauliza kama naweza humu humu ukumbini. Nikamwambia hata sasa hivi.

Nikamnyanyua mama mmoja wa safu ya pili. Simjui jina, lakini tulikutana mlangoni, akanipa subalkheri, akaniulizia hali yangu, hali ya nyumbani, hali ya wagonjwa, hakuharakisha hata neno, na kikuba cha asumini kifuani chanukia. Nikamshika mkono nikatangaza:

"Huyu ni wetu, wa tangu na tangu. Huyu hata mkinifunga macho namjua."

Mwenyekiti akamwomba ataje jina lake.

"Naitwa Zainabu Wanjala," akasema. "Wa Majengo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana Wanjala ni jina la watu wa bara, magharibi kabisa huko. Mimi sikucheka, kwa sababu jina lile nilishalisikia. Wazee walinitumia jina hilo miezi miwili kabla ya siku ile, nami wala sikugeuza uso kutoka kwenye karai, nikasema Wanjala si wetu.

Naye akayaeleza yote, taratibu, bila kupandisha sauti. Babu yake alikuja kufanya kazi bandarini akazikwa hapa hapa, babake akazaliwa Majengo, na yeye, na bintiye. Binti amepata nafasi chuo cha uuguzi, na bila kitambulisho hapokelewi. Kisha akanitazama.

"Wazee walirudi wakaniambia Bi Rukiya wa Kibokoni kasema mimi si wao. Leo nilikuja nimwone huyo Bi Rukiya. Nilipokusalimu mlangoni sikujua ndiwe."

Kicheko kikakatika. Mzee wetu mmoja akakohoa, kile kikohozi cha kunitaka nijirudi, maana tukionekana hatujijui wenyewe, sheria ituandike nini? Wanawake walionichagua wakawa watazama sakafu. Mwenyekiti akaniuliza kama naifuta kauli yangu.

Nilikuwa na kauli mbili pale, na moja ilikuwa lazima niitupe mbele za watu.

"Naifuta," nikasema. "Naifuta ile niliyoisema karaini. Hii ya leo siifuti. Andika, mwanangu, huyu ni mtu wetu, na shahidi ni mimi."

Nikasimama pale pale mpaka nikaona kalamu yake imeandika. Alasiri ile ile barua ya yule binti ikatoka, na sahihi ya kwanza ni yangu. Wiki jana akaja barazani na mamake kunionyesha kitambulisho, nikakishika kwa ncha za vidole kisiingie mafuta, na sijui kwa nini nililia.

Majibu ya kamati twayangoja bado. Mtaani wamepata la kunitania, akipita paka wananiuliza, "Bi Rukiya, huyu wetu?" Wacheke tu. Lakini mtu akitumwa kwangu na jina kwenye karatasi, siku hizi naepua karai kwanza, nanawa mikono, namwambia nenda kamlete mwenyewe, aje tusalimiane.