Minili ya Shangazi

Tulipohamia Ibra ya Omani kutoka Unguja, shangazi yangu aliuliza kwanza pahala pa kupanda, nyumba baadaye. Ami yangu, ambaye ni kaka yake, alikuwa na bustani ya mitende. Akampa ukingo mmoja kando ya mfereji wa falaji, maji ya mji yanayogawiwa kwa zamu. Jirani yetu, bibi mmoja wa Kiomani aliyekuwa bado akitia nguo buluu kwa majani ya mnili, akampa mbegu. Shangazi akazilowesha na kuzipanda. Ikaota minili minne. Alikuwa na hamu moja tu: atie shuka rangi kwa mikono yake, na mtungi wa udongo kutoka Bahla, wa kutilia rangi, alikwisha kuununua.

Mwaka wa kwanza ilifika kiunoni, ikatoa maua madogo ya waridi. Kumwagilia ilikuwa kazi yangu. Kule Unguja shangazi alizoea ardhi iliyo na unyevu siku zote, kwa hiyo hakutosheka na zamu yetu ya falaji. Kila asubuhi alinituma niongeze makopo mawili ya maji kila shina. Baridi ilipoingia majani yakawa manjano, yakapukutika yote.

"Imekufa hiyo, dada," alisema ami. "Zamu ijayo nang'oa, nipande majani ya mbuzi."

"Mbuzi wako wamenenepa kuliko wewe," shangazi akamjibu, lakini usoni alikuwa amebadilika.

Akanituma nimwite jirani. Kiarabu cha shangazi kilikuwa haba, na mimi, niliyejifunza skuli, nikawa mfasiri, nikisema huku nimeinamisha kichwa kwa adabu. Bibi yule alikwaruza gome kwa ukucha. Ndani palikuwa kijani.

"Mwambie shangazi yako ameizamisha," alisema. "Ikateni, ibaki shibiri moja. Na zamu tatu msiifungulie maji."

Nilidhani shangazi atasita. Alichukua kisu akakata yote minne palepale. Mimi nisingeweza.

"Sasa una vijiti vinne," ami alisema. "Haya, zamu tatu nakupa."

Zikapita mbili. Kila siku shangazi alikuja, akatazama, akaondoka bila kugusa, na kwa mtu kama yeye kutogusa kulikuwa kazi kubwa. Zamu ya tatu nilitangulia alfajiri. Ami akaja na jembe begani. Nikamwonyesha kwa kidole. Penye kila shina palikuwa na machipukizi, yamejikunja.

Ami alichuchumaa akatazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akakusanya udongo kwa jembe, akaziba njia ya maji upande wa minili kama bibi alivyosema, yote yaende kwenye mitende.

Kiangazi kile ilijaa majani, tukayavuna, tukayalowesha hadi yakachacha, na shuka ikatoka mtungini kijani, ikageuka buluu mbele ya macho yetu ilipopata hewa. Ami alikuwa amesimama mlangoni.

"Na kilemba changu mtakitia?"

"Kawaulize mbuzi," shangazi alisema, akanyoosha mkono apewe.